Asili ya Neno na Ukweli wa Kitu: Mfano wa ‘Oxygen’ na ‘Photosynthesis’ katika Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Kila inapotakiwa istilahi mpya ya sayansi katika Kiswahili, njia moja hupendekezwa kabla ya nyingine zote. Neno la Kiingereza huchukuliwa na kupasuliwa hadi kwenye mizizi yake ya Kiyunani au Kilatini, kila mzizi hutafutiwa neno la Kiswahili, kisha vipande hivyo huungwa kuwa neno moja. Njia hii ina mvuto wake. Huonekana kuwa ya kisayansi, kwa kuwa imepitia katika kamusi za asili ya maneno. Tena huonekana kuwa ya kizalendo, kwa kuwa mwisho wake ni neno lenye sura ya Kiswahili. Neno lililokopwa, mathalan ‘oksijeni’, kwa upande wake hushutumiwa kuwa ni dalili ya uvivu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shutuma hiyo haina msingi, na kwamba njia yenyewe ya kupasua na kuunga ina kasoro mbili. Kwanza, asili ya neno hueleza aliyoyaamini mwundaji wake siku alipoliunda. Haifafanui kitu chenyewe. Pili, maneno ambatani ya Kiyunani yanayotumika katika sayansi huweza kuwekwa mizizi miwili sako kwa bako bila kubainisha uhusiano wake, ilhali ambatani ya Kiswahili yenye kitenzi humlazimisha msomaji kuuliza nani anatenda, na anatenda nini. Mwunda istilahi asiyelijibu swali hilo mapema atakuta msarufi wa Kiswahili, yaani kila mzungumzaji, amemjibia.

Maneno mawili yatatumiwa kuwa mashahidi: ‘oxygen’ na ‘photosynthesis’. Yamechaguliwa kwa kuwa Kiswahili kimeyatendea kwa njia mbili zilizo kinyume. La kwanza limekopwa. La pili limefasiriwa kiungo kwa kiungo.

Jina lililojengwa juu ya nadharia

Hewa ambayo leo inaitwa oksijeni ilikuwa na majina mengi kabla ya hili. Mswidi Carl Wilhelm Scheele, aliyeipata mwanzoni mwa miaka ya 1770, aliiita hewa ya moto, maana vitu viliwaka ndani yake kwa nguvu. Mwingereza Joseph Priestley, aliyeipata mwaka 1774, aliiita kwa jina refu lenye maana ya hewa iliyoondolewa flojistoni, kwa kuwa aliamini, pamoja na wanakemia wengi wa zama zake, kwamba kila kinachoungua hutoa kitu kiitwacho flojistoni. Wengine waliiita hewa ya uhai, kwa sababu mnyama aliyefungiwa ndani yake aliishi kuliko aliyefungiwa katika hewa ya kawaida.

Mfaransa Antoine Lavoisier aliikataa flojistoni na kutafuta jina jingine. Alikuwa amechunguza salfa, fosforasi na kaboni zinapoungua, akaona kwamba kila moja hujiunga na hewa hiyo, na kwamba kinachopatikana kikichanganywa na maji huwa asidi. Kutokana na mifano hiyo alihitimisha kwamba hewa hii ndiyo chanzo cha asidi zote. Basi alichukua neno la Kiyunani ‘oxys’, yaani kali au chachu, na mzizi wenye maana ya kuzaa, akaunda jina lenye maana ya kizaa-asidi. Mwaka 1787, yeye pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walichapisha utaratibu mpya wa majina ya kemia, na jina hilo likapata mahali pake. Kutoka Kifaransa liliingia Kiingereza na lugha nyingine nyingi.

Yafaa izingatiwe kwamba jina hili si maelezo ya kitu kinachoonekana. Hewa ya moto na hewa ya uhai yalikuwa majina ya mambo ambayo mtu yeyote mwenye mshumaa au panya aliweza kuyashuhudia. ‘Oxygen’ lilikuwa jina la nadharia, na nadharia ikianguka, jina hubaki likining’inia.

Ilianguka upesi. Mmojawapo wa wale wanne, Berthollet, ndiye aliyeonyesha mapema kwamba asidi iliyopatikana kutokana na rangi ya buluu ya Prusia imeundwa kwa haidrojeni, kaboni na naitrojeni, wala oksijeni haimo. Watu wa pwani na wa bara la Afrika Mashariki wanaifahamu asidi hiyo ingawa hawaiiti kwa jina la kemia: ndiyo sumu itolewayo na muhogo mchungu ukikatwa au kusagwa, na ndiyo sababu muhogo huo humenywa, hurowekwa na kuanikwa kabla ya kuwa unga. Mwaka 1810 Humphry Davy alitoa pigo kubwa zaidi. Ilidhaniwa kwamba hewa ya rangi ya kijani-njano itokanayo na asidi ya chumvi ina oksijeni ndani yake. Davy aliijaribu kwa kila njia, asipate oksijeni hata chembe. Alikata shauri kwamba hewa hiyo ni elementi, na kwamba asidi ya chumvi, ambayo ni miongoni mwa asidi kali zijulikanazo na imo hata ndani ya tumbo la mwanadamu, ni haidrojeni na elementi hiyo tu.

Namna Davy alivyoipa elementi hiyo jina inastahili kuangaliwa na kila mwunda istilahi. Alikuwa ametoka kuona jina la nadharia likivunjika mikononi mwake. Kwa hiyo hakutunga nadharia nyingine. Aliangalia rangi, akachukua neno la Kiyunani ‘khloros’ lenye maana ya kijani-njano, akaiita kwa jina ambalo Kiswahili kimelipokea kama ‘klorini’. Rangi hiyo haijabadilika, na jina halijahitaji kutetewa. Neno hilohilo la Kiyunani ndilo lililomo katika ‘klorofili’, yaani kijani cha majani, ambalo nalo halidai zaidi ya jicho linavyoona.

Kichekesho cha historia ni kwamba ukali wa asidi ulikuja kuhusishwa na haidrojeni. Katika miaka ya 1880 Mswidi Svante Arrhenius alieleza kwamba asidi ni kile kitoacho ioni za haidrojeni ndani ya maji. Na haidrojeni, kwa Kiyunani, ni kizaa-maji, ingawa katika kila gramu 18 za maji gramu 16 hivi ni oksijeni. Mtu angeweza kubadilishana majina ya elementi hizi mbili, na kila moja ingepata jina linaloifaa zaidi.

Mzaa na mzaliwa

Kuna kasoro nyingine katika neno ‘oxygen’, nayo ni ya kisarufi. Katika Kiyunani cha kale, majina yanayoishia kwa ‘-genes’ kwa kawaida humaanisha aliyezaliwa, si anayezaa. Mfano ulio wazi ni jina la mwanafalsafa Diogenes, ambalo maana yake ni aliyezaliwa na Zeu. Hakuna aliyedhani kwamba Diogenes ndiye aliyemzaa mungu huyo. Kwa kanuni hiyo, ‘oxygen’ lingekuwa kitu kilichozaliwa na asidi, kinyume kabisa cha alichokusudia Lavoisier.

Kosa hili halikumdhuru Mfaransa wala Mwingereza, kwa sababu mizizi ya Kiyunani ndani ya lugha zao ni kama mawe yaliyotolewa katika jengo jingine: hukaa mahali yalipowekwa bila kuuliza yametoka wapi. Mzungumzaji wa Kiingereza hasikii kuzaa wala kuzaliwa katika ‘oxygen’. Mzungumzaji wa Kiswahili, kinyume chake, hawezi kutosikia. Baina ya ‘mzaa’ na ‘mzaliwa’, ‘mla’ na ‘mlaji’ na ‘mliwa’, ‘mtuma’ na ‘mtumwa’, kiambishi kimoja kinageuza dunia nzima. Aliyeagizwa kufasiri ‘oxygen’ kwa mizizi yake angelazimika kuchagua: je, afuate sarufi ya Kiyunani na kusema ‘kizaliwa-asidi’, au afuate nia ya Lavoisier na kusema ‘kizaa-asidi’? La kwanza lingekuwa sahihi kwa msarufi wa Kiyunani na upuuzi kwa mwanakemia wa 1787. La pili lingekuwa sahihi kwa mwanakemia wa 1787 na uongo kwa mwanakemia wa leo.

Hatari hii si ya kubuni. Lugha kadhaa zilichukua njia hiyo. Kijerumani kinaiita elementi hii ‘Sauerstoff’, yaani kitu cha ukali au uchachu. Kirusi kina ‘kislorod’, kizaa-uchachu. Wajapani, waliojifunza kemia kupitia vitabu vya Kiholanzi, wana ‘sanso’, elementi ya asidi. Katika lugha hizo kosa la Lavoisier halikufichwa ndani ya Kiyunani. Limewekwa barazani, kila mtoto wa shule akalisikia kwa lugha ya mama yake. Wachina wa karne ya 19 walifanya vingine: waliiita hewa inayolea, kwa kuangalia kazi yake katika uhai, wala si nadharia ya Ulaya. Waliomba maarifa bila kuomba makosa yaliyofungwa pamoja nayo.

Kwa mizani hii, ‘oksijeni’ si neno la uvivu. Limekubali sauti za Kiswahili, limepata irabu yake ya mwisho, linaingia katika ngeli bila taabu, na juu ya yote halimwambii mwanafunzi jambo lisilo kweli. Lau tungo kama ‘kizaatindikali’ lingeshika mahali pake, mwalimu angefundisha istilahi saa moja na kutumia saa mbili kuikanusha. Mkopo umekiokoa Kiswahili katika mzozo ambao haukuwa wake.

Jina lililoshinda matakwa ya mwundaji

Neno la pili linatoka katika maarifa ya mimea. Priestley alikuwa ameonyesha, mwaka 1771, kwamba tawi la mnanaa huweza kuirudishia uzima hewa iliyoharibiwa na mshumaa uliowaka. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani za mmea, tena penye nuru tu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia tendo hilo halikuwa na jina lake peke yake. Wanabotania waliliita kwa neno lenye maana ya umeng’enyaji na ufyonzaji wa chakula, ambalo lilitumika pia kwa mambo yanayotendeka katika mwili wa mnyama. Mambo mawili yasiyofanana yalivaa kanzu moja.

Mwaka 1893 Mmarekani Charles Reid Barnes alipendekeza kwamba utengenezaji wa misombo ya kaboni ndani ya mmea wa kijani kwa uwezo wa nuru upewe jina maalumu. Majina mawili yalikuwa mbele yake: ‘photosyntax’ na ‘photosynthesis’. Yote mawili huanza na neno la Kiyunani lenye maana ya nuru, na kufuatiwa na ‘syn’, yaani pamoja. Tofauti iko mwishoni: ‘taxis’ ni upangaji, ‘thesis’ ni uwekaji. Barnes mwenyewe alipendelea la kwanza. Wanabotania wenzake walichagua la pili, na ndilo lililobaki. Lau mwundaji angetiiwa, leo wanabotania na wanaisimu wangekuwa wakigombea neno moja, maana ‘syntax’ ni jina la tawi la sarufi lichunguzalo mpangilio wa maneno katika sentensi.

Jina hili lina fadhila moja ambayo ‘oxygen’ halina: linadai machache. Linasema kuna nuru na kuna kuunga pamoja. Halisemi ni nini kinachotoka wapi. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba oksijeni inayotolewa na jani inatokana na kaboni dayoksaidi. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walithibitisha, kwa kutumia oksijeni yenye uzito usio wa kawaida, kwamba inatokana na maji. Maelezo katika vitabu yalibadilishwa, jina halikuguswa.

Nuru ni chombo au ni zao?

Kiswahili kimelipa tendo hili jina la ‘usanisinuru’. Muundo wake ni wazi: kiambishi cha ngeli ‘u-’, kitenzi ‘sanisi’ chenye maana ya kutunga kitu kwa kuunganisha sehemu, na nomino ‘nuru’. Mpangilio wa Kiyunani umegeuzwa ili kichwa kitangulie, kama inavyotakiwa na Kiswahili. Mpaka hapo mwunda istilahi anastahili sifa, kwa kuwa hakuiga mfuatano wa neno la kigeni. Swali ni kama uhusiano wa kitenzi na nomino nao umetazamwa.

Ambatani za kitenzi na nomino si mgeni katika Kiswahili. ‘Kipimajoto’ ni kitu kipimacho joto. ‘Kipazasauti’ hupaza sauti. ‘Mlariba’ hula riba. ‘Kivunjajungu’, yule mdudu, husemwa kuwa huvunja chungu. Katika maneno haya yote nomino ni yambwa ya kitenzi: ndiyo inayotendwa. Msomaji aliyezoea kanuni hii akikutana na ‘usanisinuru’ kwa mara ya kwanza, atalisoma vivyo hivyo. Ataelewa kwamba kuna nuru inayosanisiwa, yaani mmea unatengeneza nuru. Kimulimuli angestahili jina hilo kuliko mwembe. Kumbe nuru ndiyo nguvu ya kazi, na kinachotengenezwa ni chakula.

Mtetezi wa neno hili anaweza kujibu kwamba si kila ambatani ya aina hii ina yambwa. Yuko ‘kifauongo’, mmea unaokunja majani yake ukiguswa. Haufishi uongo, bali hufa kwa uongo. Yuko pia ‘mlalahoi’, alalaye akiwa hoi. Hoja hii ni ya haki na inapasa kujibiwa. Ukweli ni kwamba ‘kufa’ na ‘kulala’ ni vitenzi visivyoelekezi. Havina yambwa ya kutafuta, kwa hiyo neno linalofuata hubaki kuwa kielezi. ‘Sanisi’ ni kitenzi elekezi, chenye njaa ya yambwa. Kikiwekewa nomino mbele yake, hukila hicho kilichowekwa.

Kiyunani hakina tatizo hili katika neno husika, kwa kuwa ‘photosynthesis’ ni nomino mbili, na uhusiano wake huachwa kwa msomaji. Mwunda istilahi wa Kiswahili aliikuta nomino akaweka kitenzi, na kitenzi kikaleta maswali yake. Lingekuwapo neno jepesi zaidi la kutamka wazi uhusiano huo: ‘usanisi kwa nuru’. Si neno moja, ni kweli. Lakini hakuna sheria ya lugha isemayo kwamba istilahi lazima iwe neno moja kwa sababu tu ni neno moja katika Kiingereza. Kihusishi ‘kwa’ kingefanya kazi ambayo hakuna uhodari wa kuunga mizizi uwezao kuifanya.

Haifai ieleweke kwamba tafsiri ya mizizi ni haramu wakati wote. ‘Kipimajoto’ ni ushahidi wa kinyume. Mizizi ya Kiyunani ya neno la Kiingereza ni joto na kipimo, na Kiswahili kimeipata yote miwili. Hata hivyo, neno hilo halikufaulu kwa sababu mizizi inalingana. Limefaulu kwa sababu mtu akikitazama chombo hicho na kuuliza kinafanya nini, jibu ni lilelile: kinapima joto. Mwanafizikia atasahihisha kwamba kinachopimwa hasa ni halijoto, na masahihisho yake yatapokewa; lakini sarufi ya neno haijamdanganya mtu kuhusu kipimacho na kipimwacho. Asili ya neno na ukweli wa kitu vimekutana hapa kwa bahati njema. Mwunda istilahi asiifanye bahati hiyo kuwa kanuni.

Hitimisho

Jambo hili si mchezo wa wapenda kamusi. Nchini Tanzania, sayansi katika shule za msingi za umma imefundishwa kwa Kiswahili tangu mwisho wa miaka ya 1960, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Nchini Kenya, mwanafunzi wa sekondari husoma sayansi kwa Kiingereza, na istilahi hizi hukutana nazo zaidi katika somo la Kiswahili, ndani ya ufahamu au tafsiri, mbali na maabara. Huyo wa Kenya hana jani wala chupa ya majaribio mbele yake ya kumsahihisha. Ana neno tu. Neno likimwambia kwamba mmea hutengeneza nuru, ataamini, kisha akigundua kosa atasema kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi. Lugha itakuwa imehukumiwa kwa kosa la mbinu.

Kwa hiyo maswali matatu yanampasa mwunda istilahi kabla ya kufungua kamusi ya Kiyunani. Kitu hiki ni nini kwa maarifa ya sasa? Katika tendo hili, nani anatenda, kwa nini, na zao lake ni lipi? Neno linalopendekezwa, likisomwa na mtu asiyejua lolote ila Kiswahili, litamjibu nini? Akisha kuyajibu hayo, ndipo asili ya neno la kigeni inapoweza kushauriwa, kama mzee anayejua habari za zamani, si kama hakimu.

Ama kuhusu ‘usanisinuru’, haielekei kwamba litaondolewa, na pengine si busara kujaribu. Limo katika kamusi na katika vinywa vya walimu na wanafunzi. Wanakemia wa Ulaya walijua tangu 1810 kwamba jina la ‘oxygen’ lina uongo ndani yake, wakaliacha, kwa kuwa mazoea yalikuwa yamekwisha kulifuta maana yake ya mwanzo. Barnes naye alikubali kushindwa kwa neno alilolipenda. Yumkini ‘nuru’ katika ‘usanisinuru’ nayo itanyamaza kwa wakati wake. Hadi hapo, ni wajibu wa mwalimu wa Kiswahili, siku anapoliandika neno hilo ubaoni, kuongeza sentensi moja ya kueleza kwamba nuru hiyo haitengenezwi na jani: ni ya jua, na jani huitumia kutengeneza chakula chake.